Hidaya Anafika Jumamosi

Jumatatu, 22 Aprili 2024

Basi hapana, sikulia. Mamangu mzazi aliapa kwamba siku ya kutolewa Tononoka kuletwa huku Mji wa Kale, Mombasa, nitalia mpaka wanja uchuruzike kidevuni, na mashangazi zangu wakaja na leso za kunipangusa. Mimi nilicheka njia nzima. Nilie nini, na mume ni Khubaib?

Niandike vizuri, ili nikiwa bibi kizee nisome: mimi ni Hidaya, mke wa Khubaib, tangu Ijumaa baada ya swala ya alasiri. Mke! Nilitaka kuliandika neno hilo kiganjani lakini hina imejaa, hakuna pa kupitisha kalamu.

Niko fungate. Wiki nzima sitoki, sipiki, sifagii. Naletewa kuku wa kupaka na mkate wa sinia mpaka naona haya. Khubaib anafanya kazi Liwatoni, anatengeneza mashine za boti, na hata akioga mara mbili na kujifukiza udi, nyuma ya sikio hubaki harufu ndogo ya dizeli. Naipenda harufu hiyo kuliko udi. Sijamwambia mtu, na yeye simwambii, asije akaiosha.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua. Kaimati. Khubaib.

Ijumaa, 26 Aprili

Kutoka dirishani naona kipande cha bahari kilicho sawa na upana wa mkeka, na leo nimekitazama sana. Asubuhi kilikuwa kijani, adhuhuri kijivu, sasa kimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nikamuuliza Khubaib kwa nini. Akasema mito imefurika bara, udongo wa watu unashuka baharini. Nikamuuliza udongo huo huishia wapi. Akaniangalia, akacheka, akasema, "Hida, umeolewa na fundi wa mashine, hukuolewa na bahari." Lakini alikaa akafikiri, na nusu saa baadaye akarudi kunijibu. Nampenda mtu anayerudi kujibu.

Wifi yangu Swafia, dadake Khubaib, ni mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi. Ana ulimi wa pilipili na moyo wa halua. Mama mkwe wangu, Bi Swabaha, bado simjui. Haniiti jina. Ananiita "bi harusi": bi harusi amekula? Bi harusi afungiwe dirisha. Nikimwamkia shikamoo anaitikia marahaba vizuri, kisha basi. Nimemuuliza Swafia kama nimekosa.

"Mamangu?" akasema. "Ukimkosea utajua, wifi. Hata jirani watajua."

Leo pia ujumbe wa Bi Lamis umeingia. Huyu ni shangazi yake Khubaib, dadake marehemu babake, aliolewa kisiwa cha Mafia zamani na hukohuko akabaki. Khubaib alipofiwa na babake alikuwa mdogo sana, na mamake akaugua, basi Bi Lamis akaja akamchukua, akamlea kwake mpaka umri wa kuanza shule. Harusini hakuweza kuja kwa sababu ya goti lake na barabara zilizokatika kwa mvua. Simu yake ni ya vibonyezo, haileti picha, kwa hivyo hajui hata sura yangu. Kila Ijumaa anaandika hilohilo: "Hidaya namuona lini?"

Khubaib humjibu hilohilo: "Karibu, shangazi. Karibu."

Jumapili, 28 Aprili

Fungate imekwisha! Nimepanda juu darini kuanika nguo na nimeiona bahari yote. Nimeanika shati moja muda mrefu sana.

Jumanne, 30 Aprili

Huko bara watu wamesombwa na maji. Shule hazifunguliwi wiki hii. Swafia yuko nyumbani, kwa hivyo nyumba nzima yasahihishwa sarufi.

Alhamisi, 2 Mei

Leo nimecheka mpaka mbavu zimeniuma, na niandike kabla sijasahau.

Tulikuwa jikoni, mimi nakuna nazi, Mama anachambua mchele, Swafia anakula tu. Redio ikasema kuna kimbunga baharini, kinajongea pwani ya Tanzania, na huenda kikatufikia hata sisi kwa upepo na mawimbi. Kisha msomaji akasema, kwa sauti nzito kabisa: kimbunga hicho kimepewa jina la Hidaya.

Mama akainua uso kutoka kwenye ungo. Swafia akaacha kutafuna.

"Hidaya?" akasema Swafia. "Ah, wifi! Wiki mbili tu na ushaanza?"

Hapo tukavunjika. Khubaib aliporudi adhuhuri alikutana na Swafia mlangoni: "Kaka, ukimbie. Mkeo ametangazwa redioni. Ana mwendo wa gari la Malindi." Na Mama, Mama mwenyewe ambaye sijawahi kumsikia akifanya mzaha, akasema bila kucheka, "Hidaya yuwaja Jumamosi. Wekeni ndoo."

Kutwa ikawa hivyo. Hidaya anakuja. Hidaya amekasirika. Hidaya amegeuka. Muuza kahawa wa chini ya nyumba yetu alipoambiwa jina langu akaokota deli lake la kahawa kama anayekimbia.

Mimi nikataka kujua nani huwapa majina. Khubaib akasema nchi za ukanda huu wa bahari hupeleka majina mapema, yakapangwa, na kila kimbunga kikizaliwa hupewa linalofuata. Basi kuna mtu ofisini, siku moja ya kawaida, alikaa akafikiria jina, akaandika Hidaya. Zawadi. Kwa nini? Alikuwa na binti? Alikuwa na mchumba? Au alitaka kimbunga kione haya?

Khubaib akaniambia sikioni kwamba yeye zawadi yake ishafika. Nitaacha kuandika hapa.

Ijumaa, 3 Mei

Jana nilicheka, na leo sioni cha kuchekesha.

Tangu alfajiri Khubaib alikuwa Liwatoni akisaidia kuvuta boti nchi kavu. Wavuvi wamekatazwa kutoka. Redio inasema kimbunga kimepata nguvu na kinaelekea Mafia. Kinaelekea Mafia hasa, kwa Bi Lamis.

Khubaib alimpigia, simu haikuingia. Akapiga tena, haikuingia. Kwa hivyo, katikati ya kazi, mikono imejaa grisi, akamwandikia ujumbe, akaona umekwenda, akatulia. Saa kumi akarudi nyumbani amelowa chapachapa, na alipokuwa akivua viatu jibu likaingia. Akalisoma kwa sauti, na mwanzoni alikuwa akitabasamu:

"Alhamdulillahi! Hatimaye! Mtoto wa watu mwenye nguvu ndiye nimtakaye, atanisaidia kukuna nazi. Kamaludin atakuwa gatini tangu asubuhi kumpokea. Nimemtandikia chumba changu cha nyuma kinachoona bahari. Usimwache aje na njaa."

Kamaludin ni mwanawe Bi Lamis. Gati ndipo zinaposhukia boti za kutoka bara.

"Nani atakayepokewa?" akauliza Mama.

Khubaib alikuwa anautazama ujumbe kama uliandikwa Kichina.

"Ulimwandikia nini?" akasema Swafia. Akamnyang'anya simu. Nikachungulia juu ya bega lake, na nimeyakariri maneno yale:

"Shangazi. Hidaya anafika kwenu Jumamosi. Ana nguvu sana. Jitayarisheni mapema."

"Anafika?" Swafia akasema. "A-nafika? Khubaib! Kimbunga ni KI-VI! Kinafika! Kina nguvu! Hii ni A-WA, umemwandikia mtu!"

"Sisi sote tangu jana twasema anakuja, anakuja..."

"Sisi twafanya mzaha!"

"Najua mwafanya mzaha! Ulimi ulishazoea!"

Sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Silabi moja tu. Nilipokuwa shule tulizichukia ngeli, tukisema zitatusaidia nini maishani.

Akaandika tena, haraka: "Shangazi si mke wangu ni KIMBUNGA toka chumba cha nyuma." Haukwenda. Akaupeleka mara nyingi, hata hesabu nimeacha. Akapiga: namba haipatikani. Akapiga ya Kamaludin: haipatikani.

Mimi nikasema, ili kumtuliza, "Lakini redio za kwao si zimetangaza? Watamwambia majirani."

Mama akaweka ungo chini. "Fikiri, mwanangu. Watamwambia nini? Watamwambia, Bi Lamis, Hidaya yuwaja. Naye atawajibu, najua, nimeshamtandikia kitanda."

Ndipo nikaona ubaya wake ulivyo. Kila atakayemwonya atazidi kumthibitishia.

"Na Kamaludin?" nikauliza.

"Kamaludin husikiliza redio ikiwa ni mpira tu."

Khubaib amekaa kwenye ngazi na simu mkononi. Nimemletea chai. Imepoa, nimeiondoa, nimemletea nyingine.

Jumamosi, 4 Mei

Kunguru wamenyamaza. Ndicho kitu cha kwanza nilichokisikia leo, kwa maana ya kutokisikia. Kunguru wa Mji wa Kale hawanyamazi hata kwa maziko, lakini leo walikuwa wamejibana chini ya vibaraza, kifua kwa kifua, wakitazama upande mmoja.

Upepo haukuja kama nilivyodhani. Nilidhani utakuja kwa kishindo. Ulikuja kwa kuvuta. Milango iliyofungwa ilivutwa kwa nje, kama kuna mtu anaijaribu mmoja mmoja kuona upi umesahauliwa. Maji ya bahari yaligonga ukuta wa bandari ya zamani, yakapanda, yakabaki hewani kitambo, kisha yakaanguka juu ya njia. Niliyaona mwenyewe kutoka darini kabla Mama hajaniita nishuke. Harufu ilikuwa ya matope na chuma. Mtaro wa mtaa wetu ulirudisha maji badala ya kuyapeleka, na mzee wa duka la vitambaa alipandisha majora yake juu ya meza, kisha juu ya kabati, kisha akakaa juu ya kabati yeye mwenyewe.

Huu ni upindo tu wa kimbunga. Sisi tumeguswa na upindo. Kila mlango uliovutwa nilimfikiria mwanamke nisiyemjua sura, amekaa chumba cha mbele amevaa vizuri, ananisubiri. Na mwanamume amesimama kwenye gati.

Adhuhuri redio ikasema kimetua Mafia.

Khubaib aliswali, akakaa palepale juu ya msala. Nilikaa nyuma yake. Sikumgusa.

Jumapili, 5 Mei

Redio yasema kimbunga kimekwisha nguvu. Simu hazipatikani.

Niandike jambo dogo ambalo si dogo. Tangu Ijumaa Khubaib hajaniita jina. Huniita Hida, siku nzima, hata akitaka chumvi tu: Hida, chumvi. Sasa anasema "wewe," au anasubiri mpaka nimtazame ndipo aseme. Leo alikuwa chumba cha pili, alinihitaji nimshikie taa, nikamsikia anavuta pumzi ya kuita, kisha akaja mwenyewe mpaka mlangoni akasema, "Naomba taa."

Sina hasira naye. Najua likimtoka mdomoni atasikia lile lingine. Lakini nimekuwa nalo jina hili tangu nizaliwe, na nililipenda zaidi kinywani mwake.

Nyuma ya sikio bado dizeli.

Jumatatu, 6 Mei

Hakuna. Hakuna. Mahamri yaliungua.

Jumanne, 7 Mei

Niliomba kwenda Liwatoni na Khubaib, akakubali, nadhani kwa kuwa hakutaka kukaa peke yake na simu. Ufuo ulinishangaza. Mwani umelundikana mpaka magotini, na ndani yake: viatu vya watoto vya rangi mbalimbali, hakuna pea, mabua ya mahindi, mlango wa jokofu, samaki wadogo wa miambani, wale wa manjano na buluu, wamekufa wamekaza macho. Kitsao, anayefanya kazi pamoja naye, alikuwa akisafisha boti iliyopasuka ubavu.

"Bibi harusi, karibu kwenye harusi ya bahari," akasema. "Imetupa zawadi, hata hatujui pa kuziweka."

Nikamuuliza samaki wale wametoka wapi, kwa maana hapa hawakai. Akasema wametoka kwenye miamba ya nje, mawimbi yamewang'oa majumbani mwao. "Na udongo wa mito ukikaa juu ya miamba, haya matumbawe hayapumui. Mwaka huu tutavua nini, sijui. Boti naweza kuziba. Mwamba nitauziba na nini?"

Kisha, akimtazama Khubaib aliyekuwa mbali kidogo, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Bado kimya kule?"

"Bado."

"Mwambie asiache kupiga. Upepo wa namna hii huangusha minara ya simu kabla ya kuangusha watu."

Tuliporudi nilimkuta Mama kwenye dirisha langu, lile la mkeka wa bahari. Ameshika simu kwa mikono miwili. Nilitaka kupita, nikadhani anataka kuwa peke yake.

"Hidaya," akasema. "Ndoo ukae hapa karibu nami."

Nikasimama. Ni mara ya kwanza.

"Mwanangu hawezi kulitaja. Nimemsikia. Basi nitalitaja mimi, lisije likaota kutu humu ndani. Jina halina kosa." Akanivuta nikakaa. "Wajua kwa nini sikuwa nakuita? Swafia akwambia nini, kwamba mimi mkali?"

"Hapana, Mama," nikasema, na akanitazama mpaka nikasema, "Kidogo."

Akacheka puani. Kisha akaniambia. Alipopona, alikwenda Mafia kumchukua mwanawe. Khubaib alikimbilia nyuma ya Bi Lamis akamshika nguo, akamuita yeye mama. "Nikamng'oa. Alilia mpaka bara. Lamis hakulia. Alinifungia chakula cha mtoto cha njiani, akanifungia na changu. Miaka yote hii namsalimia, namuuliza hali, sijamwambia ahsante. Hata ulipokuja wewe nilisema, mkwe huyu ni wa wanawake wawili, na mwenziwangu hajamuona. Nikaona nikianza kukuita jina ni kama nimekuchukua peke yangu tena."

Nilishika upande mmoja wa simu, yeye akashika upande wa pili.

Nilikuwa nimeandika huko nyuma kwamba simjui. Sifuti. Lakini nataka ijulikane kwamba sasa namjua.

Jumatano, 8 Mei

WAZIMA! Wazima, wazima, wazima, alhamdulillahi!

Saa tatu asubuhi simu ikalia, namba ngeni. Khubaib akaipokea akasema "haloo" ya mtu anayekwenda kupigwa. Kisha sauti ikatoka kubwa hata bila kuiweka wazi: "Khubaib! Mkeo ameleta balaa!" Na baada yake kicheko, na nikajua kicheko hicho hakiwezi kuwa cha mfiwa.

Ilikuwa Kamaludin, kwa simu ya mtu aliyepanda kilima kutafuta mtandao. Nitaandika alivyosimulia.

Jumamosi alitoka mapema amevaa kanzu yake nzuri na kushika mwavuli, kwa amri ya mamake, aende kunipokea. Upepo ushaanza. Njiani watu wakamwambia, "Kamaludin, rudi nyumbani, Hidaya anakuja!" Akawaambia, "Najua, ndiye nimfuataye." Wakamwangalia. Mbele akakutana na wengine wakibeba vitu vyao kuondoka ufuoni: "Wewe, wapi? Hidaya amekaribia!" Akasema, "Afadhali, nisimkawize." Alipofika gatini pana askari mmoja tu, amejifunga turubai.

"Leo hakuna boti. Unataka nini?"

"Namngoja Hidaya."

"Unamngoja?"

"Ndiyo. Nimeambiwa nimchukue mpaka nyumbani."

"Na mwavuli?"

"Mvua isimnyeshee."

Askari, anasema Kamaludin, alimshika bega kwa huruma, kama mtu anayemshika mgonjwa, akamgeuza uso kuelekea baharini. "Basi, ndugu yangu, Hidaya wako huyo." Na huko kwenye upeo kulikuwa na ukuta mweusi unatembea. Hapo tu, anasema, ndipo ilipomwingia kwamba binamu yake hajui kuandika. Mwavuli aliuacha hewani. Alikimbia.

Khubaib alikuwa anacheka na kulia. Mama akamnyang'anya simu. "Lamis! Lamis yuko wapi?"

Hapo Kamaludin akapunguza sauti.

Bi Lamis kila siku hulala chumba cha nyuma, miaka yote, mchana na usiku, kwa ajili ya bahari na goti lake. Lakini Ijumaa alikuwa amekitandika kwa ajili yangu, akaweka asumini juu ya mto wa kulalia, akapiga marufuku mtu yeyote kukalia kitanda cha mwanamwali. Na kwa kuwa mgeni anakuja, aliwaita wanawake jirani, wale wa vibanda vya makuti karibu na maji, waje kupika, na watoto wao. Wakajaa chumba cha mbele, ambacho ni cha mawe na chokaa, cha zamani. Kamaludin alipofika akipiga kelele kwamba si mtu ni kimbunga, walikuwa wameshafunga milango na wali ushaiva. Vibanda vile havipo tena. Hata nguzo.

"Basi, ni salama," akasema Mama.

"Salama, lakini alikumbuka mkeka."

Mkeka wa harusi. Alikuwa amenisukia mwenyewe, wa ukili wa rangi, akauacha juu ya kile kitanda. Kabla hawajamshika akaingia chumba cha nyuma kuutoa. Akautoa. Alipokuwa anavuka kizingiti mnazi ukaangukia paa, ukashuka mpaka kitandani, na boriti ya mlango ikamponda mguu. Umevunjika, umefungwa plasta. Kitanda kimekuwa vipande viwili.

Nilikuwa na maswali, na ingawa Khubaib alinifanyia ishara ninyamaze, niliuliza. Bahari ilifika wapi? Mpaka kisimani, maji sasa ni ya chumvi. Minazi? Upande wa bahari yote imelala, vichwa upande mmoja, kama watu walio sijdani. Mikoko? Imesimama, lakini haina jani, na nyuma yake, akasema, ndiko kusikovunjika kitu. Mwani wanaoulima wanawake? Kamba tupu. Watu? Mzee mmoja wa kijiji cha pili alikwenda kufunga ngalawa yake vizuri. Ngalawa imepatikana.

"Shemeji," akasema, "wewe ni mtu wa kuuliza. Mama atakupenda. Huku hakuna anayeuliza, sote tulikuwepo."

Simu ikakatika. Khubaib akakaa chini sakafuni. Akasema, bila kunitazama, akijaribu kama anayeonja chai ya moto:

"Hida."

Nikasema labeka.

Jumatano, baadaye kidogo

Nimekuwa nikifikiri. Asingekosea, angelala wapi Bi Lamis? Labda onyo zuri lingemtoa mapema. Labda angesema "upepo tu" akabaki kitandani, kama alivyofanya siku zote. Nimemuuliza Khubaib, akasema hataki kujua. Mimi nataka, lakini hakuna wa kumuuliza.

Ijumaa, 10 Mei

Serikali imetoa siku ya mapumziko ya kupanda miti kwa ajili ya waliokufa kwenye mafuriko. Mji wa Kale hauna pa kupanda hata sindano. Nimeweka nazi iliyochipua kwenye debe la rangi, juu darini, nimpelekee Bi Lamis.

"Wifi," akasema Swafia, "wampelekea mtu wa Mafia nazi?"

"Zake zimelala."

Baadaye nilimuona Swafia akiimwagilia.

Na leo ni Ijumaa, na ujumbe wa kila Ijumaa haukuja. Khubaib aliangalia simu mpaka magharibi.

Jumapili, 12 Mei

Mtandao umerudi kwao na nimemsikia! Sauti yake ni nyembamba, ya Kimvita kabisa, kama hakuwahi kuondoka Mombasa. Mama alikuwa wa kwanza kuchukua simu. Alitoka nayo varandani akafunga mlango. Sikusikia kitu isipokuwa neno moja alilolirudia, na nililijua, na nikaenda mbali zaidi nisisikie. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akanipa simu akasema, "Mwenziwangu ataka kukusikia."

"Ndiwe Hidaya?" akasema Bi Lamis.

"Ndimi, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio alikuja kabla yako. Hana adabu. Hata hodi hakupiga."

Nilicheka, kisha, wallahi, nikalia. Nililia sana. Mamangu akijua atashukuru Mungu. Nikamwambia anisamehe, mguu wake umevunjika kwa ajili ya mkeka wangu.

"Mguu utaunga. Mkeka nilisuka tangu Ramadhani, wauona upuuzi kuuacha?" Akavuta pumzi, maumivu niliyasikia. "Lakini sitaki kuupeleka kwa basi. Nataka nikutandikie mimi. Wanawake hawa waliokaa kwangu wananicheka, wasema Bi Lamis alipikia upepo. Nataka wakuone kwamba u mtu."

Jumatano, 15 Mei

Khubaib ameomba ruhusa kazini. Kitsao atamshikia nafasi. Barabara ya kutoka Dar mpaka kwenye boti wanasema inapitika, polepole. Mama anakuja nasi. Ameshona buibui jipya na hataki tuseme lolote kulihusu.

Ijumaa, 17 Mei

Leo bahari yangu ya dirishani imerudi kuwa kijani, ila pembeni imebaki mstari wa kahawia, kama kikombe ambacho hakikuoshwa vizuri. Kunguru wanapiga kelele. Nazi imetoa jani la pili.

Ujumbe umeingia adhuhuri, wa kila Ijumaa, sawasawa na zamani: "Hidaya namuona lini?"

Khubaib alinyoosha mkono kuchukua simu, kisha akaurudisha. "Mimi siandiki tena," akasema. "Andika wewe, Hida. Na Swafia asahihishe."

Nikaandika. Swafia akasoma kila neno kwa kidole, akapitisha. Mama akasoma bila miwani, akapitisha. Ukaenda:

"Shangazi, Hidaya anafika kwenu kabla ya mwezi huu kwisha. Ni mimi, wa ngeli ya A-WA, nina miguu miwili na nazi moja. Nitapiga hodi."